Nonda, Mbokani au Ndaye Mulamba: tunahesabu miaka ya nani?

Kila Léopards wanapokosa bao la wazi, mabishano yanaanza upya kuanzia Kavimvira hadi Kalundu: ni nani mshambuliaji mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwa nao? Vijana waliozaliwa baada ya mwaka 2000 watakutajia Dieumerci Mbokani, na wadogo zaidi watasema Cédric Bakambu. Wenye miaka arobaini na kitu watasema Shabani Nonda, tena kwa sauti kubwa, kwa sababu Nonda ni mtoto wa mwambao huu wa ziwa. Kisha mzee mmoja atakohoa, atataja jina la Ndaye Mulamba, na wote watanyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Siku hizi hoja inayoshinda ni ya miaka. Mbokani alidumu, wanasema. Nonda alikwisha mapema. Nimeisikia hoja hiyo kwenye pikipiki, kwenye foleni ya kuchaji simu, hata kwenye matanga, na leo nataka kuipinga. Mbokani anastahili kila sifa anayopewa, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na namna tunavyomsifu mchezaji kwa kudumu, kana kwamba kudumu ni tabia yake kama ukarimu, halafu tunamlaumu aliyeumia kana kwamba aliomba kuumia. Ukiitazama vizuri miaka ya mshambuliaji, utaona kwamba sehemu kubwa ni kazi ya watu waliomzunguka: daktari, rais wa timu, wenzake uwanjani, na nchi yake.

Tuanze na Nonda, maana huyu ni wa hapa. Amezaliwa Bujumbura mwaka 1977, mji ule ambao taa zake tunaziona usiku kutoka Uvira. Alichezea Vital'O, akashuka Dar es Salaam kuvaa jezi ya Yanga, akaenda Afrika Kusini kwa Vaal Professionals, na kutoka huko akafika Uswisi, FC Zürich. Angalieni njia hiyo. Hakuna chuo cha mpira hapo, wala ndege ya moja kwa moja kwenda Ulaya. Ni njia ya mfanyabiashara wa mwambao, mtu anayeuza hapa ili apate nauli ya kufika pale. Mwaka 1998 aliingia Rennes ya Ufaransa, na mwaka 2000 Monaco wakamnunua.

Msimu wa 2002-03 alifunga mabao 26 na kuwa mfungaji bora wa ligi ya Ufaransa. Monaco walimaliza nafasi ya 2, pointi 1 tu nyuma ya Lyon. Alikuwa na miaka 26, umri ambao mshambuliaji ameshajifunza kusubiri mpira lakini miguu bado inamtii. Wale tuliokuwa tukifuata kwa redio tulijua majira ya mechi za Monaco kuliko majira ya misa.

Mwanzoni mwa msimu uliofuata goti likaharibika vibaya. Monaco ile ilikuwa na Fernando Morientes kwa mkopo kutoka Real Madrid, na ndiye aliyemaliza akiwa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa msimu huo, mabao 9. Watu wengi wanaishia hapo wanapoisimulia habari ya Nonda. Wanasahau Aprili 2004, nusu fainali dhidi ya Chelsea, Monaco wakiwa wamebaki 10 uwanjani: Nonda aliingia kutoka benchi, baada ya miezi ya matibabu, akafunga bao la tatu, 3-1. Tarehe 26 Mei aliingia tena katika fainali kule Gelsenkirchen, ambayo Monaco waliipoteza 3-0 mbele ya Porto. Mtu aliyepasuka goti mwanzo wa msimu amecheza fainali ya Ulaya mwisho wa msimu uleule.

Baada ya hapo alipita Roma, akaenda Blackburn ya Uingereza kwa mkopo, akachukua ubingwa wa Uturuki na Galatasaray mwaka 2008, na kufikia mwaka 2010 mambo yalikuwa yamekwisha. Hakuwa tena yule wa mabao 26, hilo nalikubali. Lakini miaka saba ya mpira wa juu baada ya goti kama lile, ninyi mnaiita kukwisha mapema? Goti lile kama lingepasuka Bujumbura, au hapa Kimanga, habari yake ingekwisha jioni ileile. Lilipasukia Monaco, penye madaktari na mshahara ulioendelea kuingia, kwa hiyo ikawezekana miaka saba. Tunaposema Nonda hakudumu, tunasahau kujilinganisha sisi wenyewe.

Hapa niruhusuni nitoke kidogo hadi Marekani, kwa sababu mabishano haya yamefika huko pia. Ndugu zetu wengi wa Uvira na Fizi walipelekwa kule kutoka kambi za wakimbizi, na watoto wao sasa wanatazama ule mpira wa Wamarekani unaochezwa kwa mikono na kofia ngumu. Mchezaji wanayempenda ni yule mkimbiaji anayekabidhiwa mpira na kujitupa katikati ya ukuta wa watu wenye kilo mia na zaidi. Kila anapoushika anaangushwa, na kila anapoangushwa sehemu ya goti au bega inabaki chini. Kwa hiyo swali la nani alidumu kwao ni swali kubwa kuliko kwetu.

Anayeshikilia rekodi ni Emmitt Smith: misimu 15, yadi 18,355. Ukiigeuza hesabu hiyo ni karibu kilomita 17, yaani ukitoka Uvira kwa mguu hata Bujumbura hujafika. Maisha mazima ya mtu, kilomita 17! Lakini Wamarekani wenyewe wakimtaja Smith wanataja pia wale wanaume wanene wa Dallas waliokuwa wakimfungulia njia. Mwenzake wa zama hizohizo, Barry Sanders wa Detroit, aliacha mwaka 1999 akiwa na miaka 31, akiwa amebakiza yadi 1,457 tu kuifikia rekodi ya wakati huo ya Walter Payton. Hakuwa ameumia. Alichoka, na timu yake ilikuwa haishindi. Jim Brown naye aliacha akiwa na miaka 30, mwaka 1966, baada ya misimu 9 ambayo hakukosa mechi hata moja. Katika misimu hiyo 9, mara 8 ndiye aliyeongoza ligi kwa mbio. Hadi leo wako wanaosema hakuna aliyemzidi.

Na yuko Gale Sayers wa Chicago. Magoti yalimwachia mechi 68 tu. Hata hivyo mwaka 1977 walimwingiza katika jumba lao la heshima akiwa na miaka 34, mdogo kuliko wote walioingia kabla yake. Hawakumuuliza miaka mingapi. Waliuliza: alipokuwa mzima, nani alimzuia? Swali hilo mkimuuliza Nonda wa 2003, jibu mnalijua.

Haya, turudi nyumbani kwa Mbokani. Alizaliwa Novemba 1985, akapita TP Mazembe, kisha Ubelgiji ikawa kama shamba lake: ubingwa na Standard Liège mwaka 2008 na 2009, ubingwa na Anderlecht mwaka 2012 na 2013, na kile Kiatu cha Dhahabu cha mwaka 2012 wanachompa mchezaji bora wa ligi yao. Alijaribu Ujerumani, Ukraine, Uingereza, akarudi Ubelgiji kwa Antwerp, na aliondoka huko mwaka 2021 akikaribia miaka 36. Kwa mshambuliaji anayecheza akiwa ameupa mgongo mlango, akipigwa viwiko na mabeki kila Jumamosi, hiyo ni kazi ndefu sana. Katika Kombe la Afrika la 2015 alifunga mara mbili siku tulipowapiga ndugu zetu wa Brazzaville 4-2 baada ya kuwa nyuma 2-0. Uvira siku ile hakuna aliyelala.

Lakini kumbukeni pia Machi 2016. Mbokani alikuwa kwenye uwanja wa ndege wa Brussels siku mabomu yalipolipuka. Alitoka mzima. Muda mfupi baadaye alitangaza kwamba hachezei tena taifa, akilalamikia jinsi shirikisho letu lilivyomchukulia kwa kukosa mechi baada ya mkasa ule. Baadaye alirudi. Naitaja habari hii kwa sababu ndiyo inayoonyesha kilichomdumisha: klabu za Ubelgiji zilizomjua, ligi aliyoizoea, daktari aliyemjua tangu ujana. Jezi ya nchi ilikuwa karibu kumpoteza akiwa na miaka 30 na miguu mizima.

Trésor Mputu nampitia haraka, ingawa kwa miguu tu, bila hesabu nyingine, labda alikuwa na kipaji kuwashinda wote watatu. Mwaka 2009 aliiongoza Léopards kuchukua CHAN na Mazembe kuchukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Mwaka 2010, katika Kombe la Kagame kule Kigali, alimvamia mwamuzi, na FIFA ikamfungia miezi 12. Desemba ile Mazembe walicheza fainali ya dunia ya klabu dhidi ya Inter bila yeye. Mwaka mzima, katika umri wa miaka 24 na 25, umeliwa na hasira ya dakika moja. Hilo ni lake mwenyewe, simtetei. Ingawa najiuliza ni nani pale kwenye benchi aliyekuwa na kazi ya kumshika mkono.

Ndaye Mulamba sasa. Kombe la Afrika, Misri, Machi 1974: mabao 9 katika mashindano mamoja, na hadi leo hakuna aliyeifikia rekodi hiyo. Fainali dhidi ya Zambia ilikwisha 2-2, ikarudiwa, Zaire wakashinda 2-0. Mabao yote manne ni ya Ndaye. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameshachukua ubingwa wa klabu za Afrika na Vita Club. Miezi mitatu baadaye, Kombe la Dunia Ujerumani, alitolewa kwa kadi nyekundu katika mechi ya Yugoslavia kwa kosa la mwenzake, mwamuzi akiwa amemchanganya na mwingine. Tulifungwa 9-0.

Tukimhesabia kilele tu, kilele chake ni wiki mbili za Machi 1974. Hakuna tutakayempata tena mwenye wiki mbili kama hizo. Lakini sehemu inayoniuma inakuja miaka ishirini baadaye. Mwaka 1994 alialikwa Tunisia kupewa heshima yake. Aliporudi Zaire, watu wenye silaha walimvamia wakidhani aliyetunukiwa vile lazima ana fedha, wakampiga risasi mguuni. Alikimbilia Afrika Kusini. Mwaka 1998, kule Burkina Faso, wakati wa Kombe la Afrika, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kumwombolezea. Yeye wakati huo alikuwa hai Cape Town, akilinda magari ya watu kwenye maegesho ili apate chakula. Alifariki Johannesburg Januari 2019.

Naomba tusome tena: tulimsimamia kimya mtu aliye hai, kwa sababu hakukuwa na ofisi hata moja nchini iliyojua mfungaji wa mabao 9 anaishi wapi. Halafu tunakaa kwenye kivuli cha mwembe tunapima nani alidumu.

Kwa hiyo nikilazimishwa kupanga, nampanga Ndaye wa kwanza, Nonda wa pili, Mbokani wa tatu. Bakambu bado anaandika yake, na yeye amelelewa Ufaransa tangu kuzaliwa, kwa hiyo mizani yake ni nyingine. Mbokani ana miaka mingi kuliko Nonda, lakini hajawahi kuwa mfungaji bora wa ligi kubwa kama ile ya Ufaransa. Anayesema miaka ndiyo mizani, basi amweke Mbokani juu ya Ndaye pia, tena mbele ya wazee wa Mulongwe, tuone kama atamaliza soda yake.

Sababu ya kuandika haya yote si hao watatu peke yao. Wao wana majina. Nina wasiwasi na wale wa kiangazi kijacho.

Julai na Agosti hapa kwetu mnazijua. Shule zimefungwa, kila kartiye ina kombe lake, kila kanisa lina kombe lake, na mwaka wa uchaguzi kila mgombea ana lake. Kijana wa miaka 17 anayejua kufunga anachezea timu nne. Asubuhi yuko Kasenga, saa tisa alasiri yuko Kalundu, na kati ya hapo amekula mandazi mawili. Uwanja ni mchanga na mawe. Tangu mafuriko ya Aprili 2020 yaliyoshusha mawe ya milimani hadi ndani ya nyumba zetu, na ziwa lilipopanda na kumeza sehemu za ufuko ambapo watoto walikuwa wakikimbia pekupeku, sehemu laini za kuchezea zimepungua. Goti likivimba, kuna anayechua kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto. Lisipopungua, kuna sindano ya kutuliza maumivu kutoka farmasi, na kijana anarudi uwanjani Jumapili ileile. Maumivu yametulia. Goti halijapona. Kipindi cha pili linakubali kwa sauti ambayo hata mstari wa pembeni mnaisikia.

Namjua mmoja wa hao, sitamtaja yeye wala timu yake. Alikuwa na miaka 19 na kila mtu alikuwa akisema huyu atavuka Kavimvira, atafika Bujumbura, atafika Dar, njia ya Nonda. Siku ya tatu baada ya kuumia viongozi walikuwa wameshampata mwingine wa kuvaa jezi yake. Leo anaendesha pikipiki, na akishuka anashuka kwa mguu wa kushoto kwanza. Huyo tukimhesabia miaka ya mpira, tunamhesabia miwili. Ni mvivu? Hakujitunza?

Na kuna suala la umri, ambalo watu hawapendi kulisikia. Kijana wa miaka 22 anaandikiwa 17 ili apendeze machoni pa mnunuzi. Kila mtu anajua, kila mtu anacheka. Lakini mwili haujui kusoma karatasi. Atakapofika miaka 29 kwenye pasipoti atakuwa na 34 kwenye magoti, na mashabiki watasema amezeeka haraka, wachezaji wa kwetu hawadumu. Waliomwandikia umri ule watakuwa wa kwanza kusema hivyo.

Najua jibu la marais wa timu, maana nimeshalipata: hatuna fedha, hata mipira tunaazima. Ni kweli. Na wengine watasema mji uliopitia vita na mafuriko kama wetu una mambo makubwa kuliko magoti ya vijana. Hiyo pia ni kweli, ila vijana haohao ndio wanaoujaza uwanja Jumapili, na wengi wa ninyi mnaosema hivyo mko pale pembeni mkipiga kelele.

Ninachoomba hakihitaji Monaco. Kijana asicheze mechi mbili siku moja. Hiyo ni bure, waandaaji wakubaliane tu kupanga ratiba pamoja. Kwenye fedha ya kujiandikisha, kila timu iache kidogo kwenye kasha moja la matibabu, lishikwe na mtu asiye rais wa timu yoyote. Anayeumia goti asipewe sindano ya kurudi uwanjani mpaka mtu wa afya amtazame. Na uwepo daftari mmoja, wa karatasi ya kawaida, unaoandikwa jina la kijana, mwaka wake halisi wa kuzaliwa, namba ya simu ya mzazi, na siku aliyoumia. Daftari hilo likitunzwa miaka ishirini, angalau tutajua kila mmoja wao anaishi wapi.

Waandaaji wa makombe ya kartiye huwa wanakutana kabla ya shule kufungwa kupanga tarehe. Daftari nitalinunua mimi. Kasha nawaachia wao.